Warohingya: tatizo ni dini, ardhi au karatasi?

KasaBahari
Wakuu salama. Hili jambo nimekaa nalo muda, leo acha nilimwage hapa. Kila wakitajwa Rohingya watu wanamaliza kwa sentensi moja, "Waislamu wanauawa na Mabudha", basi. Mi naona dini imo lakini sio mzizi. Hawa watu kwao ni Rakhine, zamani ikiitwa Arakan, magharibi ya Myanmar (Burma ya zamani) kupakana na Bangladesh. Baada ya uhuru wa 1948 walipiga kura, walikuwa na wabunge, na mwanzoni mwa miaka ya 60 redio ya taifa ilikuwa na kipindi kwa lugha yao. 1962 jeshi likachukua nchi, 1982 ikaja sheria ya uraia: raia kamili ni mtu wa makabila yaliyokuwepo kabla ya 1823, yaani kabla Mwingereza hajatia mguu Arakan. Ikatangazwa orodha ya makabila 135, Rohingya hawamo. Ikawa kuoa mpaka kibali, kwenda mji wa jirani mpaka kibali, kule Maungdaw na Buthidaung wakawekewa hadi kikomo cha watoto wawili. Hoja yangu ndo hii, ukishamnyang'anya mtu karatasi, kumfukuza inakuwa kazi ndogo. Agosti 2017 walipokimbia zaidi ya laki saba ndani ya miezi michache, ile kazi ilishaanza miaka 35 nyuma. Anayepinga aje.

Ngalawa_Mbovu
Nimevuta kiti, uzi mzito huu.

chumvi_ya_pwani
Kasa nakupinga nusu. Hiyo sheria ilikuta chuki imeshapikwa zamani. Mwingereza alichukua Arakan 1826 baada ya vita, vibarua wa mpunga wakaja kwa wingi kutoka upande wa Chittagong, Warakhine, Mabudha wenyeji wa huko, wakaona ardhi yao inajaa watu. Sasa utata uko hapa, Waislamu walikuwepo Arakan hata kabla ya Mwingereza, kuna daktari wa Kiskoti anaitwa Francis Buchanan aliandika mwaka 1799 kuhusu watu wanaojiita Rooinga. Serikali ikawafunga wote kamba moja, wa tangu na wa juzi, ikawaita Wabengali. Halafu 1942, vita ya pili, Mwingereza anawapa Waislamu bunduki na Warakhine wengi wako na Mjapani, basi wakachinjana vijiji kwa vijiji, pande zote mbili. Ukiacha hiyo 1942 hutaelewa kitu.

MjukuuWaKAR
Chumvi umenikumbusha babu yangu Mungu amrehemu. Alikuwa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walipelekwa huko, yeye akiita "Bama". Alikuwa akisimulia matope na ruba na malaria kuliko risasi, alikuwa anapandisha suruali anatuonyesha makovu ya ruba kwenye ugoko, madoadoa meusi kama kupigwa na sigara. Wale wazee waliporudi ndo maana Nairobi hadi leo kuna soko linaitwa Burma. Kwa hiyo hawa watu tunawaona wa mbali lakini babu zetu walipigana kwenye mashamba yao na sisi hatukuwahi hata kuuliza mwenye shamba ni nani.

Dira_Kaskazini
Mjukuu, pole kwa babu ila nikurekebishe kidogo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw mwaka 1944, huko ni mbali na Arakan, ni upande wa mpaka wa India juu. Kama babu alikuwa Kabaw basi hakupita kwa Warohingya.

MjukuuWaKAR
Sawa mwalimu, lakini na wewe umesahau brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, hao walipigana Arakan yenyewe. Babu alikuwa anataja bahari na mikoko, Kabaw hakuna bahari.

Dira_Kaskazini
Hapo umenipata. Nakubali.

Mama_Tunu
Jamani tunasahau watu tunahesabu brigedi. Mie naomba mtu anieleze sasa hivi hao watu wanaishi vipi, maana kwenye tivii wanatajwa siku moja halafu kimya miezi sita.

Fundi_Mabomba
Mama Tunu nikujibu kwa nilichokiona. Nilifanya kazi ya maji Kutupalong, kambi yao kubwa kule Bangladesh, katikati ya 2018 hadi 2019, shirika silitaji. Chukua vilima vilivyokuwa msitu, vikwangue vyote hadi udongo mwekundu, halafu panga juu yake vibanda vya mianzi na turubai, kibanda kinagusana na kibanda, kilomita za mraba kama 13 hivi watu zaidi ya laki sita. Ukijumlisha kambi zote za Ukhiya na Teknaf ziko 33, watu zaidi ya milioni. Ngazi za kupandia ni viroba vya mchanga, mvua ikinyesha viroba vinapasuka unapanda kwa magoti.

Kazi yangu ilikuwa visima. Mwanzoni 2017 watu walikuja kwa kasi mno, kila mwenye nia njema akachimba kisima kifupi cha pampu ya mkono mita chache kutoka chooni. Sisi tukaja kuvifunga kimoja kimoja na kuchimba virefu. Sasa unamfungia mama kisima anachokitegemea, anakuangalia tu, hagombi. Hicho ndicho kilikuwa kinanimaliza, hawagombi. Mtu aliyezoea kuomba kibali cha kila kitu hata ukimkosea haoni kama ana haki ya kukuuliza.

Na tembo, msicheke. Kambi ilijengwa kwenye njia ya tembo, mwanzoni waliuawa watu zaidi ya kumi. Baadaye ikajengwa minara ya mianzi, vijana wa kambini wanakesha juu, tembo akionekana wanapiga filimbi na kusimama mstari kumgeuza taratibu.

Ngalawa_Mbovu
Hatucheki Fundi. Endelea.

Mama_Tunu
Ahsante baba. Hapo kwenye hawagombi nimeweka simu chini kwanza.

Mzalendo_Halisi
Mimi niseme ukweli ambao hamtaupenda. Hao jamaa walishambulia polisi kwanza. Nchi yoyote ikishambuliwa itajibu.

KasaBahari
Mzalendo, ARSA, kundi la wapiganaji wa Kirohingya, walishambulia vituo vya polisi kama 30 tarehe 25 Agosti 2017, hilo halina ubishi, na Oktoba 2016 walishambulia vituo vya mpakani. Na Amnesty wameandika kwamba ARSA waliua Wahindu wengi kijiji kimoja kaskazini ya Maungdaw, hilo nalo ni uhalifu. Lakini kujibu polisi walioshambuliwa ndo kuchoma vijiji mamia? Madaktari Wasio na Mipaka walikadiria waliouawa mwezi wa kwanza tu ni angalau 6,700, humo watoto chini ya miaka mitano ni 730. Mtoto wa miaka mitatu alishambulia kituo gani? Kijiji cha Inn Din wanaume kumi wa Rohingya walifungwa kamba wakauawa, waandishi wawili wa Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, walipofuatilia wakafungwa wao, wakakaa ndani zaidi ya siku 500.

Mzalendo_Halisi
Sijasema wachomwe, nimesema pande zote zielezwe. Na hiyo ya Wahindu kumbe unaijua, mbona hukuianzia?

chumvi_ya_pwani
Hapo Mzalendo ana pointi, uzi uwe na kila kitu.

Dira_Kaskazini
Na tusisahau 2017 haikuwa mara ya kwanza. 1978 operesheni ya Nagamin, kama laki mbili walivuka. 1991 na 92 tena, kama laki mbili na nusu. Kila mara wanarudishwa, kila mara wanatoka tena. ARSA haikuwepo 1978, kwa hiyo hoja ya "walianza wao" inaishia 2016.

Kisangani_Kwetu
Bonjour ba ndugu. Sisi huku Congo tunaijua hii. 1981 Zaire ilitoa sheria ya uraia ikaondolea watu wanaosema Kinyarwanda uraia waliokuwa nao, mwaka mmoja tu kabla ya ile ya Burma. Vita tuliyopata mashariki ina sababu mingi, lakini ile sheria imo ndani. Kasa ana haki, karatasi inaanza, bunduki inafuata.

Dira_Kaskazini
Kisangani, mfano mzuri ila tukiufungua hapa hatulali leo. Ufungulie uzi wake nitakuja.

MtotoWaKatumba
Mimi nitumie nafasi hii. Wazazi wangu walitoka Burundi 1972, mimi nimezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi Tanzania. Miaka yote nilikuwa mkimbizi kwenye nchi niliyozaliwa, shule nilisoma, ligi nilicheza, lakini kutoka nje ya makazi nilihitaji kibali. 2014 nikapata cheti cha uraia, Tanzania iliwapa watu zaidi ya 160,000. Siku ile nilipanda basi kwenda Mpanda mjini bila sababu yoyote, nikanywa soda, nikarudi. Nilitaka tu kupita kizuizini bila kuonyesha kibali. Kwa hiyo Kasa anaposema karatasi mimi namwelewa kwa mwili mzima. Chuki ilikuwepo hata kwetu, watu walituita majina, lakini ukiwa na cheti jina halikupeleki popote.

KasaBahari
Hiyo soda mkuu. Nimeisoma mara tatu.

ZaituniK
Kasa hoja yako ni nzuri lakini kuna kitu kinaivunja na hakuna aliyekitaja. Wakaman. Ni Waislamu wa huko huko Rakhine, wao WAMO kwenye orodha ya 135, wana karatasi zote. Oktoba 2012 kule Kyaukphyu nyumba zao zilichomwa, wakaondolewa na wakaishia makambini kama Rohingya. Karatasi yao iliwasaidia nini? Mchomaji hakuuliza kitambulisho, alijua tu huyu ni Mwislamu. Watawa wa Kibudha kama Wirathu walikuwa wanahubiri hadharani watu wasinunue duka la Mwislamu, na Facebook ikabeba yale mahubiri nchi nzima, 2018 kampuni yenyewe ikakiri haikufanya vya kutosha kuzuia. Kwa hiyo dini msiisogeze pembeni.

chumvi_ya_pwani
Zaituni kaleta msumari.

KasaBahari
Zaituni nimekaa kimya dakika kumi hapa. Wakaman sikuwa nimewaza. Ila nikuulize, Waislamu wa Yangon mbona hawakufukuzwa kwa mamia ya maelfu? Dini ni ile ile.

ZaituniK
Kwa sababu Yangon hakuna mpaka wa kuwasukumia. Rakhine kuna mto Naf, ng'ambo ni Bangladesh. Ukimsukuma anatoka.

Bawaba
Nyote mnazunguka. Fuateni ardhi na pesa. Rakhine ni moja ya majimbo maskini kabisa Myanmar, Warakhine wenyewe wamechoka na serikali kuu. Kyaukphyu hapo hapo alipopataja Zaituni ndo linaanzia bomba la mafuta na gesi la kwenda China, na bandari China wanaitaka. Vijiji vilivyochomwa 2017 vingine vilisawazishwa kwa tingatinga, picha za setilaiti zikaonyesha kambi za jeshi zimejengwa juu yake. Mtu anayechukia dini yako tu hakujengei kambi juu ya msingi wa nyumba yako.

ZaituniK
Bawaba, bomba limepita mbali na Maungdaw. Kusini kule. Angalia ramani.

Bawaba
Sijasema limepita Maungdaw. Nasema ndo maana China hairuhusu kitu cha maana kupita Baraza la Usalama.

Mzalendo_Halisi
Na yule mama wa Nobeli aliyeamrisha mauaji mbona hamumtaji?

Dira_Kaskazini
Aung San Suu Kyi, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya kiraia, hakuamrisha, hakuwa na uwezo huo. Katiba ya 2008 iliwapa wanajeshi robo ya viti bungeni na wizara tatu, ulinzi, mambo ya ndani na mipaka. Mkuu wa jeshi alikuwa Min Aung Hlaing, ndiye ambaye mwendesha mashtaka wa ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, aliomba hati ya kumkamata Novemba 2024. Lakini Suu Kyi alikwenda mwenyewe The Hague Desemba 2019 kuitetea nchi kwenye kesi ya mauaji ya kimbari, na hakuwataja kwa jina lao ila alipotaja lile kundi la ARSA. Hilo ni kosa lake na ni kubwa. Februari 2021 wale wale aliowatetea wakampindua wakamfunga.

MjukuuWaKAR
Na aliyempeleka The Hague ni Gambia! Nchi ndogo vile. Yule waziri wao wa sheria, Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi Arusha miaka mingi kwenye mahakama ya Rwanda. 2018 alikwenda Cox's Bazar, ziliko kambi za Bangladesh, akasikiliza wakimbizi, akasema anayoyasikia ni yale yale ya Rwanda. Novemba 2019 wakafungua kesi, wakiungwa mkono na jumuiya ya nchi za Kiislamu. Na amri ya Januari 2020 ya kuwalinda Warohingya aliisoma rais wa mahakama, Msomali, Abdulqawi Yusuf. Mambo ya Waafrika hayo.

Mama_Tunu
Kumbe Arusha! Allah awalipe.

BintiMaskati
Niko Oman, kazini tuna vijana wa Bangladesh wengi wao wa Chittagong. Mmoja ananiambia lugha ya Rohingya anaielewa karibu yote, inafanana na yao. Nikamwambia basi ni ndugu zenu, akanyamaza kidogo, akasema dada, 2017 mamangu alipika wali sufuria nzima akawapelekea barabarani, kila nyumba ilipika. Lakini sasa hivi kibarua wa kwetu alikuwa analipwa hivi analipwa nusu, msitu umeisha, bei ya mboga imepanda, na wageni wa mashirika wanapangisha nyumba zote. Akasema "hatuwachukii, tumechoka". Mi sikumjibu kitu.

Fundi_Mabomba
Binti huyo kijana kasema kweli. Wali ule nimeusikia kwa wengi. Na mtu asiwabebeshe Bangladesh lawama yote, haijasaini mkataba wa wakimbizi wa 1951 na bado ilifungua mpaka. Ila ilikataza wasifanye kazi rasmi, wasijenge kwa matofali, shule isifundishe Kibangla wasije wakazoea. Kuanzia mwishoni mwa 2020 wengine wakahamishiwa Bhasan Char, kisiwa cha tope baharini, zaidi ya elfu thelathini wako huko. Na Machi 2021 moto ulipopita kambini watu kama 45,000 walibaki bila banda, kuna waliokwama kwenye uzio wa waya.

chumvi_ya_pwani
Na chakula. Vaucha ilikuwa dola 12 kwa mtu kwa mwezi, 2023 ikashuka 10, ikashuka tena 8. Dola nane! Wenzetu Bongo pigeni hesabu, kama elfu ishirini hivi mwezi mzima. Ikaja kupandishwa, halafu mwanzoni mwa 2025 Marekani walipokata misaada wakatangaziwa 6, ikaokolewa dakika za mwisho ikabaki 12. Watu wanaishi kwa tangazo.

MtotoWaKatumba
Kambi za Nyarugusu na Kakuma nako mgao umekatwa vibaya. Ni kapu lile lile.

Msafiri_wa_Jeddah
Makka kuna mitaa ya Waburma tangu enzi za Mfalme Faisal, wanaitwa Burmawi, nimekula kwao sana, samaki wao wa pilipili usipime. Wapo waliopata ukaazi, wapo waliokuja kwa pasipoti za nchi nyingine na hao wana kazi. Na wanatafuna tambuu hao, ukiwaona unadhani uko Mombasa Kibokoni.

chumvi_ya_pwani
Tambuu usiiguse bwana, hiyo ni yetu.

Fundi_Mabomba
Wanatafuna kweli. Kila kona ya kambi kuna kijana na kibao cha tambuu, chokaa kwenye kikopo. Mimi walinizoesha.

Ngalawa_Mbovu
Fundi meno yakoje sasa hivi? 😂

ZaituniK
Turudi. Kuna boti pia. UNHCR walihesabu 569 waliokufa au kupotea baharini mwaka 2023 peke yake, wakitafuta Malaysia na Indonesia. Na Aceh, kule Indonesia, inanichanganya, Juni 2020 wavuvi waliwavuta nchi kavu kwa mikono yao serikali ikiwa inasitasita. Desemba 2023 mji mkuu wa Aceh hiyo hiyo, wanafunzi wa chuo wakavamia hifadhi wakawatoa wanawake na watoto wanalia. Waislamu kwa Waislamu. Hapo Kasa naona hoja yangu ya dini nayo inapata nyufa, nasema mwenyewe.

Bawaba
Nyufa tu? Na 2024 je? Jeshi lile lile la 2017 likawaandikisha vijana wa Rohingya kwa nguvu wakapigane na Arakan Army, waasi wa Kirakhine. Halafu Agosti 2024 droni zikawaua watu waliokusanyika kando ya mto Naf wakisubiri kuvuka, walionusurika wakasema ni Arakan Army. Desemba 2024 Arakan Army wakachukua Maungdaw. Wengine kama 150,000 wakavuka tena Bangladesh. Sasa waambie warudi, warudi kwa nani? Jeshi halishiki tena mpaka.

Mzalendo_Halisi
Si walisaini makubaliano ya kuwarudisha? Mbona hawakutaka kurudi?

Fundi_Mabomba
Mzalendo nilikuwepo. Novemba 2018 majina yalitoka, siku ile asubuhi vibanda vya walioandikwa vilikuwa vitupu, watu walijificha vilima vingine kwa jamaa zao. Mabasi yalikuja, yakasubiri, yakarudi hayana mtu. Agosti 2019 vile vile. Walikuwa wanaimba "hatuendi", sio kwa kuwa wanapenda turubai. Kule wangepewa kadi inaitwa NVC, na kuichukua ni kama kukubali wewe ni mgeni unayeomba kuhakikiwa. Mwalimu Mohib Ullah ndiye aliyekuwa akilisema hili kwa sauti, tupeni uraia tutarudi kesho. Septemba 2021 aliuawa kwa risasi ndani ya kambi.

Mzalendo_Halisi
Hilo la kadi sikulijua. Nimeelewa.

Mama_Tunu
Fundi, wewe uliona kwa macho yako. Kati ya Kasa na Zaituni na Bawaba nani kasema kweli?

Fundi_Mabomba
Mama sijui nikujibu vipi, nikwambie tu kuhusu mzee mmoja. Tulikuwa tunapitisha bomba nyuma ya kibanda chake, akaniita ndani, akaniwekea kigoda. Akachomoa kwenye mianzi ya paa mfuko wa plastiki umefungwa mpira. Ndani kuna kadi ya kijani, kitambulisho cha taifa cha marehemu baba yake, ya miaka ya 50, imekunjwa mara tatu, picha imefifia. Risiti za kodi ya shamba, rundo. Risiti ya kadi nyeupe, ile ya muda, aliyonyang'anywa 2015. Anazitoa moja moja anazilaza kwenye mkeka, mkalimani wangu anatafsiri, mzee anarekebisha mkalimani. Alivuka mto na mfuko ule mdomoni, anasema, mikono ilikuwa na mjukuu.

Mwisho akatoa kadi mpya ya plastiki, ile Bangladesh na UNHCR walikuwa wanaandikisha mwaka ule. Akaniwekea kidole palipoandikwa nchi atokayo. Myanmar. Akauliza mkalimani asome tena. Akasomewa. Akazirudisha zote kwenye mfuko, ile mpya akaiweka juu.